Usiache Ngano Kabla ya Kutoa Damu: Maswali Yenu Kuhusu Vipimo vya Seliaki

Barua za toleo hili zinafanana. Karatasi ya majibu imetoka maabara, ina herufi tTG-IgA na namba pembeni, na mwenye karatasi hajui ashukuru au aogope. Kwa msomaji anayekutana na jina hili mara ya kwanza: seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, hugeuka kuushambulia utando wa utumbo mwembamba. Vijidole vidogo vya utando huo, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, hufupika hadi utando unabaki bapa. Mmoja ataharisha na kukonda, mwingine atapungukiwa damu miaka nenda rudi bila sababu kujulikana, mtoto atadumaa, na yupo atakayejiona mzima huku mifupa ikidhoofika kimyakimya. Katika nchi nyingi zilizopima watu wake, wenye ugonjwa huu ni kama mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajui kuwa wanao.

Tumbo limenisumbua mwaka wa pili sasa. Rafiki alinishauri niache ngano, nikaacha, na wiki ya tatu hii nina nafuu kubwa. Juzi daktari ameniandikia kipimo cha kingamwili za seliaki. Niende hivi hivi au nirudie kula kwanza?

Swali lako ndilo muhimu kuliko yote tuliyopokea, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Kipimo hiki hakiangalii ugonjwa wenyewe. Kinaangalia kingamwili, yaani protini za kinga, ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni inaingia. Gluteni ikifika ukutani mwa utumbo, kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi ya tishu, ndiyo hiyo tTG, huibadilisha kidogo kikemia, na hapo inanata vizuri zaidi kwenye molekuli za kinga za watu wenye jeni DQ2 au DQ8. Katika kazi hiyo kimeng'enya chenyewe hushikamana na gluteni. Seli za kinga zinazokitambua kimeng'enya hukimeza pamoja na gluteni iliyokishika, kisha hupata msaada wa seli nyingine zilizokuwa zikiiwinda gluteni. Matokeo yake ni kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili wa mtu mwenyewe. Watafiti wa Ujerumani ndio walioonyesha mwaka 1997 kuwa shabaha ni tTG, na vipimo vya leo vimejengwa juu ya ugunduzi huo. Sasa ukiiondoa gluteni, amri ya kutengeneza kingamwili inakatika na kiwango chake kinaanza kushuka. Mtu mwenye seliaki halisi anaweza kwenda maabara baada ya miezi kadhaa ya kujinyima akapewa jibu hasi lisilo na kosa lolote la kimaabara. Kosa lilifanyika jikoni kabla hajatoka nyumbani.

Kwako wiki tatu ni muda mfupi. Kingamwili hazishuki kwa siku mbili tatu; mara nyingi huchukua miezi. Ushauri wetu ni huu: nenda utoe damu sasa, na mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba umeacha ngano tangu tarehe fulani. Jibu likiwa chanya, limekuokolea muda. Likiwa hasi, usilitegemee hata kidogo. Hapo ndipo utarudia kula gluteni kwa mpango maalumu, kisha upimwe tena.

Mpango wenyewe ukoje? Kwa mtu mzima huanzia gramu 3 za gluteni kwa siku, na anayevumilia huongeza. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takribani gramu 2, kwa hiyo vipande viwili kila siku vinatosha kuanzia. Vinne ni bora zaidi. Wiki 2 ndiyo chini kabisa, na wiki 6 hadi 8 ndizo tunazozipendekeza kwa anayeweza kustahimili. Sababu ni kwamba utumbo huharibika mapema kuliko kingamwili zinavyopanda. Kuna jaribio ambamo watu wenye seliaki walirudia gluteni kwa siku 14: siku ya mwisho kingamwili zilikuwa zimepanda kidogo tu, lakini siku ya 28 zilikuwa juu sana ingawa walishaacha kula. Aliyekula wiki mbili akatoa damu siku ya kumi na nne anaweza kukosa jibu kwa kuwahi tu.

Usianze mpango huu peke yako. Kwa mjamzito huahirishwa, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 au aliye katika kipindi cha kurefuka kwa kasi cha balehe haushauriwi. Dalili zikikuzidi, omba kwanza kipimo cha jeni DQ2 na DQ8. Hicho hakijali unakula nini. Usipokuwa na jeni hizo, seliaki inaondolewa karibu kabisa na hakuna haja ya kujitesa na mkate. Ukiwa nazo, bado haina maana kwamba unaumwa, maana watu 30 hadi 40 kati ya 100 wanazo na wengi wao hawapati ugonjwa maishani.

Nilipokwenda kutoa damu niliambiwa nimekosea kuja nimekunywa chai. Wakachukua tyubu mbili, nikasubiri majibu wiki nzima. Je, ni lazima kufunga? Na ni nini kinachofanyika muda wote huo?

Kufunga si lazima. Kingamwili hazibadiliki kwa chai wala kwa kifungua kinywa. Huenda uliandikiwa pia sukari au mafuta ya damu, na hivyo ndivyo vyenye sharti. Mlo wenye mafuta mengi saa chache kabla unaweza kuyafanya majimaji ya damu yawe meupe kama maziwa na kusumbua baadhi ya mashine, lakini hilo hutokea kwa nadra.

Damu inayohitajika ni mililita 3 hadi 5. Tyubu huachwa isimame kama nusu saa mpaka damu igande, kisha huzungushwa kwenye mashine kwa dakika 10 hivi ili majimaji ya manjano yatengane na chembe. Yasipopimwa siku hiyo huwekwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na yakikaa zaidi ya wiki hugandishwa. Jambo linaloharibu sampuli mara nyingi ni haraka: damu inazungushwa kabla haijaganda, nyuzinyuzi zinabaki ndani, pipeti inaziba na kuchota pungufu bila mtu kujua. Jingine ni kuyagandisha majimaji, kuyayeyusha, na kuyagandisha tena mara kwa mara.

Njia inayotumika sana ni elisa. Hebu itazame kwa karibu. Kuna bamba la plastiki lenye vishimo 96, na kila kishimo kimepakwa tTG ya binadamu iliyotengenezwa maabara. Majimaji yako huchanganywa na kimiminika maalumu kwa uwiano wa 1 kwa 100, yaani mikrolita 10 tu ndani ya mililita 1, na mikrolita 100 za mchanganyiko huo huingia kishimoni. Baada ya kama nusu saa, kingamwili zako, kama zipo, zimeshajishika ukutani. Kishimo kinaoshwa, kwa kawaida mara tatu. Halafu huwekwa kingamwili nyingine inayoshika IgA za binadamu, yaani aina ya kingamwili ambayo kipimo hiki huihesabu, nayo imebeba kimeng'enya cha kutoa rangi. Inasubiriwa, inaoshwa tena, kisha kinawekwa kimiminika kisicho na rangi. Penye kingamwili nyingi rangi ya buluu hutokea mbele ya macho. Ikitiwa asidi inageuka manjano, na mashine inaipima kwa mwanga wa nanomita 450. Manjano ikikolea, namba inakuwa kubwa.

Rangi hiyo inabadilishwa kuwa namba kwa kulinganishwa na vishimo vya jirani vyenye viwango vinavyojulikana, kwa hiyo kosa dogo linaenda mbali. Kuosha kwa ulegevu kunaacha mabaki yanayotoa rangi, na mzima anaonekana mgonjwa. Bamba lililotolewa kwenye friji likatumika bado baridi hutoa rangi hafifu. Kishimo kikikauka katikati ya kazi, matokeo yake hayaaminiki tena. Ndiyo maana kila bamba huwa na sampuli chanya na hasi za udhibiti, na zisipotoka ndani ya mipaka yake, bamba zima hutupwa na kazi huanza upya. Wiki uliyosubiri huenda haikuwa uzembe. Maabara nyingi hukusanya sampuli za kujaza bamba kwanza, kwa sababu kulitumia kwa mgonjwa mmoja ni kupoteza vishimo karibu vyote. Zenye mashine za kisasa zinazopima sampuli mojamoja hutoa jibu siku hiyohiyo.

Tyubu ya pili pengine ilikuwa ya picha ya damu, ambayo hutaka tyubu yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Ni kawaida kuagizwa pamoja, kwa kuwa upungufu wa damu ni dalili mojawapo.

Mwezi wa pili nilipata 18. Juzi nimepima kwingine nimepata 60. Nimekonda kwa hofu. Ugonjwa umeongezeka mara tatu?

Tafuta karatasi zote mbili uziweke mezani. Pembeni mwa kila namba kuna kiwango cha mwisho cha kawaida. Umetuandikia kwamba ya kwanza ilikuwa 4 na ya pili 20. Gawanya: 18 kwa 4 ni mara 4.5, 60 kwa 20 ni mara 3. Kwa hesabu hiyo hakuna kilichoongezeka.

Vizio vya vipimo hivi havina kipimo kimoja cha dunia nzima kama ilivyo kwa kilo au mita. Kila kiwanda huweka vyake, na mpaka wa kawaida unaweza kuwa 4, 7, 10, 15 au 20. Hata baada ya kugawanya, ulinganisho unabaki wa kukadiria tu, kwani vifaa vya viwanda viwili havipandi kwa mwendo mmoja. Anayefuatilia hali yake na apime maabara ileile kwa kifaa kilekile, na akilazimika kuhama aandike jina la kifaa. Ukiona alama ya "zaidi ya", mfano "zaidi ya 200", maana yake rangi ilipita kiwango cha juu ambacho kifaa kinaweza kusoma. Maabara inaweza kuizimua sampuli zaidi na kurudia ikiwa daktari anahitaji namba kamili.

Binti yangu ana miaka 9, ni mfupi kuliko wenzake, anaharisha, na damu haipandi ingawa anatumia madini ya chuma. Kipimo cha tTG-IgA kimetoka hasi, karibu na sifuri kabisa. Sasa daktari anataka arudi akapimwe "IgA yote". Kwa nini tumchome tena mtoto kwa kitu kilichokwisha kujibiwa?

Mama, tunakuomba umpeleke. Daktari wako ameona kitu.

Kingamwili zipo za aina kadhaa, na kipimo alichofanyiwa binti yako kinahesabu zile za aina ya IgA peke yake. Wapo watu, kama 1 kati ya 600 hivi, ambao miili yao haitengenezi IgA kabisa au huitengeneza kidogo mno. Kati ya wagonjwa wa seliaki upungufu huo ni mwingi zaidi, 2 hadi 3 kati ya 100. Mtu kama huyo anaweza kuwa na utumbo ulioharibika vibaya na tTG-IgA ikasoma sifuri, kwa sababu hakuna IgA ya kuhesabu. Jibu la karibu na sifuri ndilo linalotutia shaka. Hata watu wazima wa afya huacha rangi kidogo kwenye kishimo. Kisipoacha hata kivuli, mtaalamu makini hujiuliza kama IgA ipo.

Upungufu kamili kwa aliyezidi miaka 4 huhesabiwa IgA inapokuwa chini ya gramu 0.07 kwa lita, ambayo maabara nyingine huiandika miligramu 7 kwa desilita. Mtu mzima kwa kawaida ana kati ya 0.7 na 4. Watoto wana kidogo kuliko watu wazima, kwa hiyo namba ya binti yako ilinganishwe na kiwango cha umri wake. Ikitoka pungufu, vipimo vinahamia kwenye kingamwili za aina ya IgG: tTG-IgG, EMA-IgG (kipimo cha EMA tunakieleza kwenye jibu linalofuata), au ile inayotafuta vipande vilivyobadilishwa vya gliadini, ambayo ni sehemu ya gluteni, inayoandikwa DGP-IgG. Vikiwa chanya, au dalili zikiendelea, biopsi ya utumbo, yaani kuchukua vipande vidogo vya utando wake kwa kamera ili vichunguzwe, itahitajika. Uwezekano mkubwa damu ya kwanza ingetosha kupima yote mawili kwa pamoja, na kwetu hilo ndilo linalopasa kuwa kawaida: tTG-IgA na IgA yote kwenye fomu moja, siku moja. Mtoto asingechomwa mara mbili.

Ikithibitika kuwa hana IgA, waeleze pia watakaomhudumia endapo siku moja atahitaji kuongezewa damu. Ni wachache wanaopata mzio mkali kwa sababu hiyo, lakini taarifa hii inatakiwa iwe kwenye faili lake.

Mwanangu wa miaka 6 amepata 143, na mwisho wa kawaida ni 10. Daktari mmoja anasema lazima aingizwe kamera tumboni, mwingine anasema si lazima. Tumwamini nani?

Inawezekana wote wawili wana hoja, ila kwa mtoto huyu swali lina jibu.

Namba yake ni mara 14.3 ya mpaka. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Ulaya ya mwaka 2012, iliyorekebishwa 2020, inaruhusu kuthibitisha seliaki kwa mtoto bila biopsi ikiwa tTG-IgA imefika mara 10 ya mpaka au zaidi, na kipimo cha pili kiitwacho EMA kikawa chanya kwenye damu iliyochukuliwa siku nyingine. Mwaka 2012 walitaka pia dalili na kipimo cha jeni. 2020 masharti hayo mawili yaliondolewa. Uamuzi hufanywa na mtaalamu wa tumbo la watoto pamoja na wazazi, baada ya kuelezwa njia zote mbili.

Sharti la damu ya pili wengine huliona usumbufu. Lipo ili kuziba kosa ambalo hakuna mashine inayoligundua: tyubu mbili kubandikwa majina yaliyopishana. Mtoto asihukumiwe lishe ya maisha yote kwa damu ya mwenzake.

EMA ni kipimo cha macho. Kilianza kutumika miaka ya 1980, na mpaka leo kinasomwa kwa hadubini. Majimaji ya damu yaliyozimuliwa huwekwa juu ya kipande chembamba cha umio la nyani au kitovu cha mtoto mchanga, yanaoshwa, kisha hutiwa kingamwili yenye rangi inayong'aa. Kwenye umio, chanya inaonekana kama sega la nyuki la kijani kibichi kuzunguka nyuzi za misuli, gizani. Ukiliona sega hilo waziwazi, uwezekano wa kuwa si seliaki ni mdogo sana, na ndiyo maana EMA hupewa kazi ya kuthibitisha. Udhaifu wake ni kwamba inategemea jicho. Sampuli hafifu wasomaji wawili wanaweza kutofautiana, kwa hiyo ni vema isomwe na watu wawili, na wenye kuizoea.

Kwa watu wazima biopsi bado ndiyo njia ya kawaida. Uingereza ililegeza sharti hilo kwa muda mwaka 2020, wakati wa korona, kwa wenye umri chini ya miaka 55 waliofika mara 10 na wasio na dalili za hatari. Anayefanyiwa kamera ahakikishe vinachukuliwa vipande visivyopungua vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na kimoja au viwili kutoka mwanzoni mwake, kwa sababu uharibifu huja kwa madoa madoa. Kipande kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima.

Na tafadhali, mwanao aendelee kula ngano mpaka hatua ya mwisho ya vipimo ipite. Wazazi wengi huiondoa usiku uleule wanaopata jibu la kwanza. Tunaelewa kabisa kwa nini, lakini biopsi ya miezi miwili baadaye inakuta utumbo umeshaanza kupona, na shaka inaanza upya.

Nina kisukari aina ya kwanza, umri miaka 19. Nilipimwa bila dalili yoyote, nikapata 13 na mwisho ni 10. Nianze lishe isiyo na gluteni?

Bado. Ni sahihi kwamba ulipimwa, kwa kuwa wenye kisukari aina ya kwanza wana seliaki mara nyingi kuliko wengine, sawa na wenye ugonjwa wa kinga wa tezi ya shingo, au hali ya Down au Turner. Lakini tTG inayozidi mpaka kidogo namna hii huonekana pia kwenye kisukari chenyewe, kwenye magonjwa ya ini ya kinga, na hata baada ya maambukizi, kisha hurudi chini bila kufanya lolote. Omba EMA kwenye damu hiyo. Ikiwa hasi, endelea kula kawaida na urudie tTG baada ya miezi 3 hadi 6, maabara ileile. Ikiwa chanya, au namba ikizidi kupanda, unapelekwa biopsi. Kuanza lishe sasa kutaongeza hesabu nyingine ngumu juu ya ile ya insulini uliyonayo tayari, tena bila uhakika wa ugonjwa.

Vipimo vyangu vyote vya seliaki ni hasi, ila naumwa. Nimeona kifaa cha kujichoma kidole nyumbani, na pia kipimo kinachotazama IgG za vyakula zaidi ya mia moja. Kipi bora?

Hicho cha vyakula vingi achana nacho. IgG dhidi ya chakula huonyesha hasa kwamba umekila. Haithibitishi seliaki wala mzio, na tumeona watu wakiondolewa nusu ya vyakula vyao kwa karatasi hiyo. Cha kidole kina kazi yake pale maabara ilipo mbali. Kinatafuta tTG ileile, kwa mstari unaotokea au usiotokea, na jibu lake, liwe chanya au hasi kwa mwenye dalili, linahitaji kurudiwa maabara. Vingi havipimi IgA yote.

Kwako, ambaye umeshapima maabara, hakuna kitakachoongezeka kwa kidole. Hakikisha mambo matatu: ulikuwa unakula gluteni kila siku, IgA yote ilikuwa ya kawaida, na hukuwa kwenye dawa za kushusha kinga kama predinisoloni au azathioprini, ambazo zinaweza kuzizima kingamwili. Yote yakiwa sawa na bado unakonda au unaharisha, mwombe daktari biopsi bila kujali majibu ya damu. Wapo wachache wenye seliaki ambao damu yao haionyeshi kitu. Mtaje pia kila dawa unayotumia, maana olmesatani, dawa ya shinikizo la damu, inaweza kuuacha utumbo bapa ukafanana kabisa na wa seliaki huku kingamwili zikiwa hasi.

Niligunduliwa miezi sita iliyopita nikiwa na 96. Nimejinyima kwa uaminifu, na leo ni 31, mpaka ukiwa 10. Mbona haijarudi kawaida? Nakosea wapi?

Pengine hukosei popote. Imeshuka kwa theluthi mbili, na mwelekeo huo ndio tunaoutafuta. Walioanza juu huchukua mwaka, wengine miwili. Utaratibu wa kawaida ni kupima baada ya miezi 6, kisha 12, halafu mara moja kwa mwaka. Wasiwasi unaanza namba ikisimama palepale mara mbili mfululizo au ikipanda. Hapo msako unaanzia kwenye vitu vidogo: mchuzi wa soya uliotengenezwa na ngano, kimea cha shayiri kwenye vinywaji na nafaka za asubuhi, mafuta yaliyokaangiwa vyakula vya unga, ubao wa kukatia mkate. Chakula kinachoandikwa hakina gluteni, kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kilo.

Elewa jambo moja zaidi: tTG iliyorudi kawaida inaonyesha kwamba huli gluteni nyingi, lakini haithibitishi kuwa utumbo umepona wote. Dalili zikibaki wakati namba ni nzuri, rudi kwa daktari. Usirudishwe nyumbani kwa sababu ya karatasi.

Wanangu wa safu hii, mjukuu wangu amethibitika ana seliaki. Mimi nina miaka 71 na sijawahi kuumwa tumbo. Kweli na sisi wengine tupimwe?

Shikamoo mzee. Waanze wazazi wa mtoto na ndugu zake wa kuzaliwa, maana kwa ndugu wa karibu hivyo uwezekano ni kama mmoja kati ya kumi, hata wasipokuwa na dalili. Wewe uko hatua moja mbali zaidi, kwa hiyo upimwe ukiwa na upungufu wa damu usioeleweka, mifupa inayovunjika kirahisi, au mzazi wa mtoto huyo aliyetoka kwako akikutwa nayo. Umri hauzuii, seliaki hugunduliwa hata kwa wazee. Watoto watakaotoka hasi warudie kila baada ya miaka 2 au 3, au mapema dalili zikianza, kwa kuwa jibu la leo halizuii ugonjwa kuanza kesho. Asiyekuwa na DQ2 wala DQ8 hahitaji kurudia. Na siku ya kutoa damu, wote wawe wamekula mkate wao kama kawaida, hata kama nyumba nzima imeamua kumuunga mkono mtoto kwa kuacha ngano mezani.